Sufuria Saba za Kumkaribisha Mama Furaha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipocheza kwa utukufu wa Bwana juu ya kichwa cha mzee wa watu. Usicheke bado. Nimesikia kamati yenu ya vijana inajiandaa kupokea familia zilizokimbia vita vya mashariki ya Kongo, na kwamba kikao kizima mmekimaliza mkibishana juu ya rangi ya vitenge vya sare. Basi vuta kiti. Mimi nilikuwa bingwa wa ujinga huo kabla yenu.

Sikuwa msichana tena, lakini akili ilikuwa bado inaruka kamba. Wamama wa kanisa letu hapa Kolwezi walikuwa wamenichagua kuwa mama wa protokoli, yaani yule anayepanga nani akae wapi na nani aseme lini, na cheo hicho kilinipanda kichwani. Nilikuwa na filimbi. Mtu mzima, mwenye watoto, na filimbi shingoni!

Tukaambiwa kwamba mama mmoja, Furaha, amefika kutoka Kivu na watoto wanne, na amepanga chumba kimoja kule mtaa wa Kasulo, kwa mzee anayeitwa Tata Mwepu. Kuuliza si ujinga. Tungemtuma mtu mmoja tu akamwulize amepungukiwa nini. Hatukumtuma. Tuliandika programu: wimbo wa kuingia, sala, neno la rais wa wamama, neno la makamu wake, neno la yule aliyekuwa rais zamani na hakuwa amepona kuondolewa, zawadi, wimbo wa kutoka. Kuhusu zawadi, nilitangaza kila mama atoe kadiri Roho atakavyomwongoza. Sijui ni roho gani iliyotuongoza, maana zilikuja sufuria saba. Hata kikombe cha unga hakikuwamo.

Kasulo unaijua. Watu kule wamechimba madini ya kobalti mpaka chini ya vitanda vyao. Tuliijua na sisi, ila siku hiyo hatukuikumbuka. Tukaingia wamama ishirini ndani ya kile chumba. Mama Furaha akatoa kiti chake kimoja akampa rais, na watoto wakasogezwa nje ili tupate nafasi. Nikapuliza filimbi, ngoma ikalia, tukaanza kukanyaga.

Kwenye ubeti wa pili, sauti ikatoka chini ya sakafu.

"Bamama! Muache kucheza! Budongo inaniangukia mu kichwa!"

Mwanangu, ukitaka kupima imani ya mtu, msemeshe kutoka ardhini. Rais wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni, na ndiye peke yake aliyekuwa ameketi! Mama Furaha akatutuliza.

"Musiogope. Ni Tata Mwepu, mwenye nyumba. Anachimbaka."

Tukarudi, tukaketi sakafuni taratibu sana, na programu ikaendelea kwa hotuba tupu, masaa mawili mazima. Na kwa kuwa hatukuondoka, Mama Furaha akafanya kile ambacho mama yeyote wa kwao au wa kwetu angefanya. Akawasha makaa, akachukua sufuria yetu iliyo kubwa kuliko zote, akasonga bukari, ugali wetu wa huku.

"Kwetu mugeni hatokake na njaa," akasema. Tukamwambia asijisumbue, kwa sauti ile ya mtu ambaye tayari ananawa mikono.

Tulikuwa katikati ya kula Tata Mwepu alipotokea mlangoni, taa kichwani, vumbi jekundu tangu ndevu hadi magoti. Hakusalimia. Aliitazama mikono yetu, kisha akawatazama wale watoto wanne waliosimama dirishani wakifuata kila tonge kwa macho.

"Ile unga ilikuwa ya batoto," akasema. "Ya leo na ya kesho. Mama aliniambia asubuhi hana ingine. Mi nachimba chini ya chumba yake, na ninyi munachimba mu sufuria yake. Sasa mwizi ni nani?"

Nililiweka tonge chini. Niliona haya, mwanangu, na mpaka leo nikikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tulikuwa tumepona vizuri, tumeshiba, na mgeni ndiye aliyebaki na njaa. Lakini ulimi wangu haujawahi kulala.

"Basi sisi tutatoka mu sufuria," nikamjibu, "na weye Tata utatoka chini ya batoto."

Akajikuna ndevu, vumbi likadondoka juu ya bukari. "Ni kweli, mama," akasema. Alianza kulifukia lile shimo kesho yake, akinung'unika kwa kila sepetu ya udongo.

Sisi tuliondoka bila wimbo wa kutoka. Kila mama alirudi na alichokuwa nacho nyumbani: unga, makaa, samaki wakavu, na sombe, yale majani ya muhogo. Watoto walikula kabla jua halijashuka. Mimi nilibaki kuosha sufuria, na nikiwa na masizi hadi viwikoni ndipo nilipomwuliza Mama Furaha anahitaji nini. Alitandika mkeka kwanza.

"Mama, mi nataka kulala. Unichungie batoto masaa mawili tu."

Masaa mawili, mwanangu. Tulikuwa tumempa hayohayo masaa mawili, kwa hotuba. Akalala palepale kwenye mkeka, na mimi nikawatoa watoto nje, nikawapa ile filimbi waipulizie mbali na mlango, nikiwaangalia.

Kwa hiyo acheni vitenge kwanza. Tumeni watu wawili wenye masikio, wasio na hotuba, wakaulize na kusubiri jibu, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mgeni asipikie kamati. Mkifika na chakula, kiwe kimeiva, na watoto wale kwanza. Mtu akisema anataka usingizi, msimletee kwaya. Nyimbo zina siku yake, na siku hiyo mgeni mwenyewe atawaita. Mama Furaha alituita, na ndiye aliyeongoza ngoma.

Nendeni, wanangu. Mungu awape mikono iliyojaa na midomo mifupi, na awalinde wote mtakaowafungulia mlango. Na mkifika wakati wa kucheza, chezeni sana. Ila ulizeni kwanza kama kuna mtu chini.