Dakika Arobaini na Tano za Meya

Noeline Ssemakula amesuka nusu ya vichwa vya Waafrika wa upande huu wa Stockholm, nami nimekuwa jirani yake miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba ni mkaidi. Alitoka Masaka akiwa msichana. Alifagia ngazi za shule, akahudumia wazee wa Kiswidi, ndipo akafungua saluni yake mbele ya stesheni ya treni. Mimi, Paskali, fundi cherehani, nilipanga chumba kinachofuata. Ukuta wetu ni mwembamba, na vicheko vya wateja wake ndivyo vilikuwa redio yangu.

Mwaka huu redio ilizima. Risasi zililia mtaani majira ya kuchipua, na polisi wakatangaza kwetu kuwa eneo la upekuzi, maana yake wanaweza kumpekua yeyote hata kama hawamshuku kwa lolote. Gari lao likajipatia maegesho ya kudumu mbele ya dirisha la Noeline. Sikatai, zile risasi zilitutisha sote. Lakini siku moja Léontine, Mkongomani aliyekuwa mteja wake wa kwanza kabisa, akiwa kitini kichwa nusu kimesukwa, alimwona binti yake Mélissa amesimamishwa kwenye kioo cha dirisha lile lile, mikono juu, mifuko imegeuzwa nje. Walikuta funguo na kadi ya treni, basi. Tangu hapo wateja wakaanza kusukwa kwingine. Nani anataka kupekuliwa kabla ya kuoshwa nywele?

Ndipo ikaja barua. Mkuu wa manispaa, ambaye sisi tunamwita meya, alikuwa anawatembelea wafanyabiashara wadogo ili awasikilize, na wiki iliyofuata angetia saini makubaliano mapya na polisi. Polisi ni wa serikali, si wake, ila makubaliano hayo ndiyo yanayosema manispaa inataka wafanye nini. Noeline akamwahidi Léontine kwamba atalisema jambo la Mélissa, na kwamba lile gari litasogea. Bila hivyo saluni isingefika Krismasi, sote tulijua.

Barua ilisema saa nane kamili mpaka nane na dakika arobaini na tano. Phiona, binti yake aliyezaliwa hapa, alimwambia, "Mamma, ta det först." Yaani alianze hilo kabla ya mengine yote. Noeline akanigeukia mimi.

"Kaka Paskali, mgeni hata hajakaa nimrukie na mashtaka?"

Nami, kwa kujifanya bingwa wa adabu, nikamjibu, "Subiri kwanza ale. Akishashiba ndio umwambie."

Alipika tangu alfajiri nyumbani kwake Hallonbergen: matoke ndani ya majani ya mgomba, kuku, mchuzi wa karanga. Meya alipoingia, Noeline alipiga magoti kumwamkia, kama Waganda wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu. Yule mama wa watu akadhani ameanguka, akainama kumnyanyua, tukacheka. Kisha Noeline akasimama kutoa shukrani, na kwetu shukrani hazina ubahili. Alimshukuru kwa kuja, akashukuru kwa usalama, akawashukuru hata polisi kwa kuwa hapa kwenye baridi. Karani wa meya akaandika. Mpiga picha akapiga. Tukapakua. Meya alisifu mchuzi, akauliza majani yanatoka wapi, akazungumza kirefu namna biashara zinavyopaswa kukua katika mitaa kama yetu. Noeline alikuwa amemaliza kumnawisha mikono, ananitupia jicho kwamba sasa ndiyo wakati wenyewe, mgeni alipotazama saa na kuchukua koti.

"Kuna jambo moja," Noeline alisema kwa Kiswidi.

"Niandikie barua pepe," meya akamjibu kwa tabasamu, na sidhani alikuwa na ubaya wowote. Alikuwa anasubiriwa kwingine.

Phiona aliandika jioni ile ile. Jibu lililokuja lilikuwa la mashine. Wiki iliyofuata saini zikatiwa, polisi wakaongezewa siku za doria, na ukurasa wa manispaa ukaweka picha ya Noeline na meya wakicheka. Chini yake waliandika: "Tunawashukuru polisi kwa kuwa hapa." Ni maneno ya Noeline kweli, hawakumsingizia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kesho yake nilikuwa juu ya ngazi nikipima pazia, maana Noeline alitaka kulifunika dirisha lake. Léontine akaja. Hakuketi.

"Mama Phiona, uliniambia utasema juu ya mtoto wangu. Weye ukawapigia asante! Vraiment, ni nani alikuambia ufanye vile?"

Noeline alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Hakuinua macho kunitazama, hata kidogo.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni mimi mwenyewe."

Léontine akachukua rafuni mfuko wa rasta zake, uliokaa pale miaka yote hiyo, akaelekea mlangoni. Nilikuwa nimebana pini midomoni. Nikaziacha humo humo mpaka alipoondoka.