Mluzi wa Ofisini Wesha

Mwenzenu nina aibu, mpaka leo makuli wa Wesha wakiniona wananipigia mluzi nami najifanya natafuta ufunguo mfukoni, lakini nyie si wageni, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na jirani.

Mke wangu, Time, ni karani wa mizigo pale bandarini, na tajiri yake, Bwana Kishori, ni mtu asiyetupa kitu, bado ana kompyuta kongwe ya Unix inayopeleka orodha za mizigo Unguja kwa modemu, kidude cha kuipigisha simu, kupitia waya wa simu ya ofisi. Wiki ile akaja fundi kutoka Unguja, akautengeneza waya huohuo mmoja upige na upokee, yaani Unguja wakipiga, kompyuta ya Wesha inaitika yenyewe. Basi Time kila tukila ni fundi, fundi, ana akili, mpole, ananukia (kunukia na waya wapi na wapi?). Wivu ukanipanda, hata muhogo haushuki.

Asubuhi moja kaisahau simu yake kitandani. Nikasema nipige ofisini nimjulishe tu (uongo, nilitaka kujua nani anapokea). Ikaita, ikapokelewa, kisha mtu ananipigia mluzi! Mluzi mrefu wa kejeli, halafu anakoroma. Nikamwambia, "We fundi, mwache mke wangu, nakuja kukung'oa meno." Akazidisha. Nikapiga tena, mluzi. Nikapiga, inatumika, nikasema ehee, sasa wanazungumza. Nikapiga tena na tena, na kila mluzi naujibu kwa tusi jipya, maana kwa matusi nina kipaji.

Bora ningeishia hapo. Mie nikampitia mkwe wangu, Mzee Faki, shambani, nikamwambia njoo ushuhudie mambo ya binti yako, mzee wa watu akaliacha jembe akaja na matope yake miguuni, na mie njia nzima sikuacha kupiga.

Tukamkuta Time analia. Meli inangoja orodha, orodha haitoki, na Bwana Kishori keshamwambia isipotoka kabla ya adhuhuri kazi hana, kwani tangu asubuhi kompyuta ikitaka kupiga, kuna mtu kaushika waya. Mie hata sikusikiliza, nikasimama mlangoni: "Yuko wapi huyo mpiga mluzi?"

Karani mmoja akaniangalia, akaiangalia modemu, akaniangalia tena. Kumbe kile kidude kina spika, matusi yangu yote wameyasikia, ila hawakujua ni ya nani. Time aliijua sauti tangu neno la kwanza, akanisitiri, na kunipigia aninyamazishe hakuweza, nambari yangu imo kwenye simu iliyobaki kitandani.

"Fundi karudi Unguja tangu juzi," akasema taratibu. "Mluzi ni wa kompyuta, ndivyo inavyoitika simu. Mwanamme aliyeniganda kwenye simu asubuhi nzima ni wewe."

Nilipoacha kupiga tu orodha ikatoka, meli ikaondoka, kazi yake ikapona. Mzee Faki hakunigombeza. Alisema, "Haya, nimeshashuhudia," akarudi kwenye jembe lake.

Nimeapa sipigi tena ofisini, nikiwa na neno nakwenda Wesha kwa miguu. Na Time siku hizi haisahau simu yake akienda kazini, na yangu anaichukua pia.