Kofi la Neno Moja

Mama yangu alikuwa akiota kwa lugha gani? Swali hili linaweza kuonekana la mzaha, lakini limenisumbua kwa miaka mingi na hadi leo sina jibu lake. Nyumbani kwetu Mji Mkongwe, katika ghorofa ya pili ya nyumba iliyovuja kila masika, mama alipika, akapokea wageni na kuwaaga kwa Kiswahili safi cha mjini, akichagua kila neno kama anayechambua mchele. Lugha aliyozaliwa nayo kijijini Makunduchi aliiacha mlangoni siku alipoolewa na baba. Alipofumba macho, je, ilimrudia? Au hata huko ndotoni alikuwapo mtu wa kumsahihisha?

Nilimsikia akiizungumza msimu mmoja tu. Nilikuwa na miaka minane, baba alikuwa safarini, na mama akanipeleka kwa bibi mzaa mama likizo nzima. Ninachokikumbuka kwanza ni harufu ya makumbi ya nazi. Wanawake walikuwa wameyafukia ufukweni miezi kadhaa, na walipoyafukua yalitoka meusi, yakinuka kama yai viza. Nilijiziba pua. Mama, ambaye mjini hakuvumilia hata shombo la samaki kwenye kanga yake, aliketi mchangani, miguu ameinyoosha, akayaponda kwa gongo pamoja na wenzake mpaka zikabaki nyuzi za kusokotea kamba. Na huku anasema. Alisema kwa kasi ambayo sikupata kuisikia kinywani mwake, akawakatiza watu, akataniwa akajibu, akacheka hadi akaliegemea bega la jirani. Sikuwa nimejua kwamba mama yangu ni mtu wa kuchekesha. Mjini alisifiwa kwa ukimya wake. Watu waliuita adabu.

Nilirudi mjini na mchanga masikioni na Kikae mdomoni, maana ndivyo wenyewe wa Makunduchi wanavyoiita lugha yao. Baba alikuwa amesharejea, lakini hatukumkuta ndani. Ukumbini alikuwapo dada yake, Shangazi Zuwena, na wageni wake wawili wanakunywa kahawa. Nikamuuliza, “Shangazi, baba kalawa saa ngapi?” Nilitaka kujua ametoka saa ngapi.

“Ka-nini?” Shangazi akaweka kikombe chini. “Hebu sema tena, mwanangu, nisikie vizuri.”

Nikasema tena, nikidhani nasifiwa.

“Kalawa!” Akapiga makofi. “Wifi, likizo moja tu mtoto ushanigeuzia wa shamba? Mwakani si atatujia na gongo la makumbi begani!”

Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Kofi halikutoka kwa shangazi. Lilitoka kwa mama, likanipata midomoni. “Hapa hatusemi hivyo,” aliniambia kwa Kiswahili chake safi. Wala hakuwa akinitazama mimi. Alimtazama shangazi, kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa kwamba amepata.

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Sikumwonea. Mtoto hutambua upesi nani ana nguvu ndani ya nyumba, nami nikahamia upande wa shangazi. Kila neno la Makunduchi lilipomponyoka mama mbele ya wageni, mimi ndiye niliyelisahihisha, kwa sauti, na watu wakanisifu kuwa nina akili. Mama alicheka nao, mkono ukiwa mdomoni. Baada ya mwaka mmoja au miwili hapakubaki cha kusahihisha. Kipaji hicho nilikwenda nacho hadi chuo kikuu, nikasomea Kiswahili, na leo naishi Dar es Salaam nikihariri vitabu vya shule. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu utajiri wa lahaja zetu. Sikuwahi kumuuliza mama maana ya neno hata moja.

Mwezi uliopita nilikwenda Unguja kumtazama. Alikuwa amepata kiharusi miezi saba kabla, na Salim, mdogo wangu aliyezaliwa baada ya likizo ile, alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba mama sasa anapayuka tu. Nilimkuta chumba cha nyuma, msafi, amepakwa poda, shuka zimenyooka. Mke wa Salim, Rukia, anamtunza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Ila wageni wakija, mlango hufungwa.

“Shikamoo, mama.”

Alinitazama, akajivuta kwenye mto, akasema kwa taabu, “Nataka kulawa.”

“Umemsikia?” Rukia alisema kwa upole, akimrudishia shuka mpaka kifuani. “Kutwa kauli yake hiyo. Anataka kulala. Namlaza, dakika tano haziishi, ashaanza tena. Sijui usingizi gani huu usiomtosha, wifi.”

Miezi saba mama anaomba kutoka nje, na kila anapoomba, analazwa.

Alasiri nilimweleza Salim. Alitikisa kichwa. “Dada, ulimi umepooza huo. Usiutafutie maana.”

“Kulawa ni kutoka. Anasema Kimakunduchi.”

“Mama?” Salim alishangaa kweli, bila hila. “Mama hajui Kimakunduchi.”

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hilo ndilo tulilolifanyia kazi, mimi na shangazi na mama mwenyewe, na hapo nilionyeshwa jinsi tulivyofaulu.

“Na ukimtoa barazani akaanza maneno yake mbele ya watu?” akaendelea. “Wewe utarudi zako Dar. Sisi ndio tutakaoambiwa mama yetu kaingiwa na wazimu.”

Aliogopa kicheko kile kile alichokiogopa mama, ingawa shangazi alikwisha kufa zamani. Nikampigia simu binamu yangu wa Makunduchi, nikitaka angalau mtu wa kuzungumza na mama. Mwanawe ndiye aliyepokea, akanijibu kwa Kiswahili changu, sanifu, kisicho na kosa. “Marehemu bibi ndiye aliyekuwa akisema vile,” alinieleza kwa heshima. “Sisi tuliobaki tunasikia kidogo tu.” Zamani ilihitajika nyumba nzima ya mjini kumnyamazisha mwanamke mmoja. Siku hizi hahitajiki mtu. Kabla ya magharibi nilikuwa nimekata shauri, na sikumwomba ruhusa Salim.

Asubuhi, baada ya chai, nilimvisha mama buibui na viatu. Viatu vilimpwaya. Nilimshika upande uliopooza, na Rukia, bila kuulizwa, akaja akamshika kiuno upande wa pili. Salim alisimama juu ya ngazi.

“Mnakwenda wapi?”

“Tunalawa,” nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani.

Mama alishtuka. Mkono wake mzima ukapanda ukaziba mdomo, na macho yake yakazunguka kutafuta nani kasikia. Nilingoja mkono ule ushuke. Haukushuka. Tukateremka hivyo hivyo, ngazi moja moja, yeye amejiziba mdomo, mpaka nje.