Fundi wa Koekelberg na jiwe aliloliacha Zagori

Saa moja kasorobo asubuhi. Mvua imekatika, lakini mawe bado yamelowa, na Bienaimé amepiga magoti katikati ya barabara ya mtaa wa Koekelberg, Brussels, basilika ikiwa nyuma ya mgongo wake. Anachukua jiwe, analigeuza, analitazama chini na juu utadhani ananunua samaki sokoni. Kisha analigonga kwa nyundo mara moja.

Anasubiri kidogo. Hakuna kinachojibu. Analiweka jiwe mchangani na kuchukua jingine.

"Miaka sita niko naye, na kila jiwe ni hivyo," anasema kwa Kifaransa msimamizi wake, Rayan, huku akicheka. "Mwanzoni nilidhani anasali."

Bienaimé hasali. Ni tabia ya kazi aliyoichukua mbali, na kuiacha imemshinda.

Ana miaka arobaini na moja. Alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mtoto wa mwashi aliyejengea watu kuta kwa mawe meusi ya volkano. Siku hizi anapanga mawe ya barabara za Brussels, mita za mraba kumi na mbili kwa siku hali ya hewa ikikubali, kwa mshahara wa euro 2,200 hivi ambao kodi ya nyumba inaumega karibu nusu. Magoti yameanza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike, naye akamwambia daktari aje ampangie mawe.

Lakini huko Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, kwenye saluni za Galerie d'Ixelles, hakuna anayemjua kwa mawe ya barabara. Wanamwita Monsieur la Grèce, Bwana Ugiriki. Mtu akitamka neno likizo tu, Bienaimé anageuka na kiti chake, nywele nusu zimekatwa, na kumwelekeza Zagori, milima ya kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kana kwamba ana hisa huko.

"Batu banaenda tu Paris, kila mwaka Paris," analalamika. "Mi nabaambia, bon, muende muone daraja ya Plakida. Iko na matao tatu, ya mawe tupu, zaidi ya deux cents ans, miaka mia mbili, na maji ya mvua inapita chini haiigusi. Muende Vradeto, kule walikata ngazi mu mulima, inapinda-pinda, punda inapanda. Muende ile nyumba ya watawa ya Monodendri, iko pembeni ya korongo kabisa, ukichungulia chini, unashika ukuta kwanza."

Anaendelea: nyumba zote zimeezekwa kwa vibamba vya mawe, mikate ya mboga inaokwa kwenye sinia kubwa, na vijiji vimebaki na wazee kwa sababu vijana walitawanyika duniani kutafuta kazi. Hapo sauti yake hushuka. Analijua jambo hilo kwa upande wa pili.

Amekwisha kuwapeleka Zagori watu saba kwa mdomo wake. Mwenyewe hajarudi huko tangu mwaka 2016.

Alifika Ugiriki kama walivyofika wengi, kwa njia ambayo hapendi kuisimulia. Baada ya miezi kambini karibu na mji wa Ioannina, mwashi mmoja alikuja kutafuta watu wa kubeba mawe. Alikuwa mzee Stathis, fundi wa kutengeneza ngazi na madaraja ya zamani, na alihitaji mikono. Bienaimé anaomba nisikitaje kijiji, kwa kuwa kazi yenyewe haikuandikwa popote.

Walifanya kazi pamoja miezi minne kwenye ngazi ya mawe inayotoka mtoni hadi kanisani. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana, kwa hiyo mzee alisema kwa nyundo. Akigonga mara moja: lete jiwe. Mara mbili: ligeuze. Mara tatu: liweke. Mbeba jiwe naye, akishafika na mzigo wake, aligonga mara moja na kusubiri jibu.

"Kwetu Goma papa yangu alikuwa nalalamika siku muzima. Huyu hakuwa nasema kitu," anakumbuka Bienaimé. "Lakini nilikuwa naona ni papa yangu. Namna ya kuangalia jiwe ni ile ile."

Mzee Stathis alikuwa na desturi yake, na hakuivunja kwa mtu yeyote. Kila aliyefanya naye kazi alichonga jiwe moja la kwake, na siku ya mwisho aliliweka mwenyewe. Mkono wa mwingine haukuligusa. Jiwe la Bienaimé lilikuwa la kukanyagia, kipago cha kumi na tisa kutoka juu. Alilichonga siku tatu. Lilikuwa liwekwe Jumatatu.

Jumapili, mzee akiwa ibadani, lori likapita kuelekea bandarini. Dereva alikuwa na nafasi ya mtu mmoja na hakuwa na muda wa kusubiri. Bienaimé alipanda.

"Sikumuaga," anasema, na nyundo anaihamisha mkono huu hadi ule. "Alikuwa ataleta chakula misa ikiisha, kama kila dimanche. Mi najua alileta. Alikuta nyundo yake tu juu ya jiwe."

Brussels ilimpokea kwa karatasi. Ombi la kwanza la ukimbizi lilikataliwa, la pili likakaa miaka, na katika miaka hiyo yote hakuthubutu kuvuka mpaka hata kwenda Lille, Ufaransa, kwenye harusi. Goma nayo ikawa mbali zaidi kila alipowasha redio. Mtaa wa baba yake ulimezwa na lava, na mji wenyewe sasa uko mikononi mwa watu wenye bunduki. Anaukumbuka sana, na hafichi. Ila anasema kuna kutamani kwa namna mbili.

"Kwetu nawaza, lakini siwezi kufanya kitu. Kule Zagori nawaza, na najua ni mi nilikosa. Ile ya pili ndio inanikula."

Kwa miaka yote hiyo alijifariji kwamba mzee alishaliweka lile jiwe. Jiwe moja tu, ngazi ni ya watu, nani angeiacha na pengo?

Mwaka jana mwezi wa nane, Maman Berthe alikwenda Zagori na mumewe, Papa Kabamba. Ni watu wa Lubumbashi, wenye duka la vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre. Walirudi na picha mia nne, na Bienaimé akaitwa saluni kuzitazama. Alikuwa amewaomba wampigie ile ngazi tu. Maskini! Kila picha ilikuwa ya Maman Berthe. Daraja la Plakida lilijificha lote nyuma ya kitenge chake cha njano. Nyumba ya watawa ilionekana juu ya kilemba kidogo tu.

"Nilienda mbali vile, na nisionekane?" anajitetea Maman Berthe, wala haoni haya.

Kwenye picha ya ngazi alikuwa amesimama kwa madaha, kiatu kimoja juu ya ubao. Bienaimé aliikuza picha. Ubao? Akahesabu vipago kutoka juu, akahesabu tena. Kilikuwa cha kumi na tisa. Pengo lilikuwepo bado, limefunikwa kwa ubao ulioliwa na mvua za miaka.

Picha iliyofuata, Maman Berthe alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya ukuta wa kanisa, akipumzisha miguu.

"Nilikuwa na talons, viatu ya visigino virefu, donc nilitafuta fasi ya kukaa," anasema. "Niliona jiwe muzuri, imechongwa muzuri, nikaikalia. Ningejua aje ni jiwe ya Bienaimé? Akaanza kulia pale mbele ya batu ya nywele, mi nikafikiri nimemukosea."

Alilia kweli. Hakukana nilipomuuliza.

Kadi ya ukaazi aliipata Machi mwaka huu. Aprili, Maman Berthe alimtafutia namba ya mgahawa wa kile kijiji, naye akapiga. Mwenye mgahawa, mama mmoja, alikulia Charleroi, huku huku Ubelgiji, alikokuwa baba yake akichimba makaa, na Kifaransa anakijua vizuri. Alimpa habari mbili. Mzee Stathis yu hai, ana miaka themanini na sita. Na kijiji kimechoka na ubao, maana wageni wanateleza. Fundi mwingine ataleta jiwe jipya kabla ya theluji ya Novemba.

Bienaimé aliomba kuongea na mzee. Mzee alikuwa pale pale mgahawani; mama yule alimwendea mezani, akarudi na jibu: mzee hana la kuzungumza na mtu aliyeondoka bila kuaga.

Ilikuwa saa ya chakula, hapa hapa Koekelberg, na Rayan alikuwepo. Anasema Bienaimé hakukata simu. Kisha akamwomba yule mama aweke simu mezani, karibu na mzee, asiseme chochote. Akapiga magoti, akaweka simu yake chini, akachukua nyundo na kugonga jiwe la barabara mara moja.

"Tuliacha kula wote," anasema Rayan. "Hatukujua ni nini, lakini tuliacha kula."

Magari yalipita. Halafu, kutoka upande wa pili, kitu kigumu kikagonga meza. Moja. Mbili.

"Nikasema, bon, imekwisha," anasimulia Bienaimé. "Mbili ni geuza. Maana yake jiwe haiko sawa, rudisha. Nikakamata telefone nifunge."

Kikagonga mara ya tatu.

Tiketi yake ni ya tarehe kumi na nne Septemba. Mwajiri amempa wiki moja. Nyundo itakwenda kwenye sanduku, imefungwa ndani ya sweta, na Maman Berthe ameagiza picha, tena amesisitiza ziwe za mtu na si za mawe. Kijiji kimekubali kumsimamisha fundi mwingine hadi mwisho wa mwezi huo, si zaidi.

Nikamuuliza kama baada ya kazi atatembea kidogo, ajionee mwenyewe daraja, korongo na nyumba ya watawa ambavyo amewasifia watu miaka yote hii. Kumbe mengine hajawahi kuyaona kwa macho yake. Aliyasikia na kuyaona kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani kwa mzee, hana hata aibu ya kukiri. Anatikisa kichwa.

"Kutembea ni ya Maman Berthe. Mi naenda kazini, nilichelewa tu." Anachukua jiwe jingine, analigeuza. "Nitaiweka. Kisha nataka yeye Papa Stathis akanyage wa kwanza, mi niko chini yake namushika mukono. Akishapita, ndio nitamuaga."