Pikipiki ya Marehemu Orrin

Delmar Tveit alikwenda kuitazama pikipiki ya marehemu Orrin Sather akiwa amefunga nyuma ya gari lake trela lenye kuta na paa, lile watu wanalobebea samani ili zisinyeshewe. Aliliazima mbali, kwa ndugu wa mke wake, maana angeliazima pale mjini wangemwuliza anakwenda kubeba nini.

Alipokuwa anatoka, Arlys, mkewe, alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la ngozi, lile la kupandia pikipiki, na jua linawaka.

"Najaribu tu kama bado linanienea," alisema.

"Linakuenea?"

"Linafunga." Akapandisha zipu hadi shingoni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado haukunjiki vizuri.

Delmar hakuwa mtu wa maneno. Kwa miaka mingi aliendesha lori la maziwa, akipita shamba hadi shamba katika vilima vya magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, na ng'ombe hawadai mazungumzo. Nyumbani yeye na Arlys waliongea ya chumvi na ya mvua. Lakini Jumapili alipompakia nyuma ya pikipiki yake kubwa, wakavaa helmeti zenye vipaza sauti vidogo ndani, alikuwa mtu mwingine. Alimsimulia ndoto zake. Alimwimbia. Alimwambia mambo ambayo mezani yangemkwama kooni. Arlys alizoea kusema ameolewa na wanaume wawili, na aliyempenda ni yule wa barabarani.

Halafu nyonga ya Delmar ikaharibika. Wakamwekea ya chuma, lakini mguu wa kushoto haukurudia nguvu zake. Mwaka jana, majani yakipukutika, walisimama kwenye kituo cha mafuta chenye mteremko na changarawe. Hawakuwa kwenye mwendo hata kidogo. Pikipiki ikaegemea kushoto, mguu ukakataa, na chuma chote kile kikalala chini pamoja na Arlys. Kifundo cha mkono wake kikavunjika.

"Sikulaumu," alimwambia hospitalini. "Lakini sitakaa tena nyuma yako juu ya magurudumu mawili. Matatu, au basi."

Tangu hapo nyumba ilibaki na chumvi na mvua.

Arlys ndiye aliyeliona tangazo, kwenye ubao wa kanisani. Bernadine, mjane wa Orrin, anauza pikipiki ya magurudumu matatu ya safari ndefu, imetumika kidogo. Alimwambia mumewe wakati wa kifungua kinywa, na mkate ukamgeuka udongo mdomoni.

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi asubuhi waendesha pikipiki wa mji ule wanakunywa kahawa kwenye mgahawa wa Doreen. Pikipiki zinaegeshwa mbele, chini ya dirisha, zimerudishwa kinyumenyume hadi ukingoni mwa njia ya miguu, zote zimelalia upande mmoja. Magari yanakaa nyuma ya mgahawa, kwenye mapipa ya taka. Hakuna kibao kinachosema hivyo, lakini hata mchungaji akija na gari lake huzunguka nyuma.

Magoti ya Orrin yalikuwa ya kwanza kuchoka katika kundi lile. Akanunua ya magurudumu matatu. Jumamosi aliyokuja nayo mara ya kwanza wote walikuwa dirishani na vikombe mikononi. Orrin akakaribia, akapunguza mwendo, na kama alivyofanya maisha yake yote akateremsha mguu chini kabla hajasimama. Ya magurudumu mawili inaudai mguu huo. Ya matatu haiutaki: gurudumu la nyuma liko pembeni, linakuja pale pale mguu ulipo. Likamkamata kisigino. Orrin akapiga yowe, pikipiki ikazimika, na dirishani wakacheka hadi kahawa ikamwagika.

Aliyecheka zaidi ni Delmar, yeye ambaye hakuwa mcheshi. Siku ile ulimi ulimfunguka.

"Jamani, Orrin amenunua kiti cha choo cha hospitali!" alisema. "Tena chenye injini!"

Wakacheka upya. Orrin akaingia anachechemea, naye anacheka kidogo, kwa adabu. Delmar alikuwa bado ana njaa ya kile kicheko. Hakuwahi kukipata kabla.

"Mzee, hicho kinakula nafasi ya pikipiki mbili. Kipeleke nyuma kwenye mapipa na magari wenzake."

Orrin alimtazama kuona kama anatania. Akawatazama wengine. Akatoka, akaipeleka nyuma. Jumamosi chache baadaye hakuja tena, na jina la kiti cha choo likabaki mjini hata mwenyewe alipoacha kuonekana. Msimu wa baridi uliopita moyo wake ulisimama akiwa anasukuma theluji mlangoni kwake.

Delmar alipofika, Bernadine alikuwa ameshaisukuma pikipiki hadi mlangoni mwa banda. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, pana nyuma kama gari dogo, na vumbi limefutwa kwa haraka.

"Umekuja," alisema. "Arlys aliniambia utakuja. Sikuamini."

"Pole na msiba, Bernadine."

"Ulinipa pole kanisani. Itazame pikipiki."

Delmar akashukuru kupata kazi ya mikono. Alipiga goti kwa shida akaanza nyuma, kwa sababu pikipiki ya namna hii huanza maisha na magurudumu mawili, kisha fundi huifungia ekseli na difu kama ya gari, na ugonjwa wake mwingi unakaa hapo. Akapitisha kidole chini ya difu kutafuta oili. Pakavu. Akaishika tairi juu na chini akaitikisa kusikiliza beringi. Haikulia. Akakagua bodi ya faiba kwenye pembe, mahali inapopasuka fundi akifunga vibaya. Nzima. Akafungua sanduku la mizigo akanusa: maji hayajaingia. Akavuta handibreki akaisukuma pikipiki kwa bega. Haikusogea. Akalinganisha namba ya fremu na iliyo kwenye karatasi, na namba ya bodi ya nyuma na karatasi ya fundi aliyeibadilisha. Zote sawa.

Halafu akatazama matairi vizuri. Kashata zake, yale meno ya mpira, zilikuwa mpya, lakini chini, pale yalipokanyaga sakafu, yalikuwa yamekaa bapa. Akafungua kifuniko cha chujio la hewa. Panya walikuwa wamejaza nyuzi za godoro. Petroli ilinuka kama rangi ya zamani.

"Betri nimeweka mpya," Bernadine alisema. "Mafuta ni ya zamani, lakini inawaka."

Delmar akasoma spidomita. Maili elfu moja hazikutimia. Mdomo wake ukasema neno ambalo mnunuzi yeyote husema.

"Imekaa sana."

"Enhe. Imekaa." Bernadine akakunja mikono. "Wewe si mtaalamu? Hebu niambie, ilikaa kwa nini?"

Delmar akarudisha kifuniko cha chujio. Skrubu ilimponyoka ikaanguka kwenye majani makavu, akaitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nakuuliza, Delmar."

"Mambo yale yalikuwa utani tu."

"Ulikuwa utani mzuri. Mpaka kwa daktari wa meno nimeusikia." Akaelekeza kidole bandani, ukutani, ambapo jozi ya viatu vizito ilining'inia kwenye msumari. Kisigino cha kimoja kilikuwa kimetafunwa. "Orrin hakuvitupa. Alikuwa anakuja hapa jioni, anakaa juu ya pikipiki imezimwa. Namwambia, mzee, twende hata hadi mtoni. Ananiambia, kesho. Haya, ijaribu wewe. Ufunguo uko pale."

Ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikanguruma vizuri. Delmar akaipeleka barabarani taratibu. Mwanzoni usukani ulitikisika kwa sababu ya yale matairi bapa, kisha yakapata joto, ukatulia. Ulikuwa mwepesi. Orrin alikuwa amelipia ile kazi ya ziada ya kusogeza uma za mbele zinazoshika gurudumu, ambayo wabahili huiruka halafu mikono ikawauma maisha yao yote. Kwenye kona mwili wa Delmar ulitaka kulalia upande, pikipiki ikakataa. Ikabidi aizungushe kwa mabega, kama lori lake la maziwa. Nyonga haikumuuma hata mara moja. Nyuma yake kulikuwa na kiti cha abiria chenye mgongo na mikono, kipana, na alimwona Arlys pale wazi kabisa. Akafungua mdomo ndani ya helmeti. Alikuwa na jambo la kumwambia kuhusu mti wa tufaha alioupita.

Pikipiki moja ya magurudumu mawili ikaja mbele yake. Mgeni. Yule mtu akashusha mkono wa kushoto, vidole viwili chini, salamu ya wenye pikipiki. Mkono wa Delmar haukuondoka kwenye usukani. Alikuwa amezoea kutowasalimia wenye magurudumu matatu, na hata sasa akiwa juu ya hayo matatu, mkono ulingoja ruhusa isiyokuja.

Alirudi. Bernadine alikuwa amesimama uani. Delmar akapunguza mwendo na mguu wa kushoto, ambao ulimfuata tangu ujana kwenye kila taa na kila lango, ukashuka wenyewe. Tairi ikamkamata kisigino. Akavuta, ngozi ya kiatu ikalia, akaunusuru mguu kwa chupuchupu.

Bernadine hakucheka. Alingoja injini izimike.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Bahati yako hakuna dirisha hapa."

Delmar akashuka. Akasema bei ni ya haki, hataomba apunguziwe hata kidogo, pesa anayo mfukoni. Bernadine alikuwa haangalii mfuko wake. Alikuwa anaangalia trela.

"Hilo ni la nini?"

"La kubebea."

"Pikipiki inawaka, ina karatasi, hadi kwako ni mwendo mfupi, wa kikombe cha chai. Unaibeba ya nini?" Akalizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akachungulia gizani. "Hutaki waione."

"Ni kwa ajili ya Arlys, Bernadine. Tutapita njia za mashambani, sisi wawili tu. Amekaa ndani tangu avunjike mkono."

"Najua. Anakuja kwangu kila wiki, au hakukuambia?" Delmar hakujua. "Arlys nampenda. Kwa ajili yake ningekupa bure. Basi sikiliza. Jumamosi unakwenda nayo kwa Doreen. Unaiegesha mbele, dirishani, sio nyuma. Unaingia, unakunywa kahawa yako, unatoka. Husemi kitu. Siombi mtu alie. Fanya hivyo, na jioni nakuletea karatasi mwenyewe."

"Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii. Kama huwezi, Jumapili namwuzia mtu na mkewe wa jimbo la Iowa wanaonisumbua kwa simu."

Alikuwa na neno moja tu fupi la kusema, nalo ni ndiyo. Delmar alilipeleka hadi ulimini. Akaliona dirisha la Doreen, vikombe, nyuso, na Lyle Brekke, mpenda utani wa kundi, akisimama aone vizuri. Akaona mguu wake ukishuka.

"Nitaangalia," alisema.

"Eti ataangalia," Bernadine alisema, kama anayemwambia mtu aliyeko bandani, kisha akaisukuma pikipiki ndani peke yake. Delmar alitaka kumsaidia. Bernadine akamwambia asiiguse.

Nyumbani Arlys alisikia trela likigonga kwenye mashimo, na trela lenye mzigo haligongi vile. Alitoka bado amevaa koti.

"Iko wapi?"

"Haifai," Delmar alisema. "Imekaa sana. Matairi yamekufa, panya wamejaa kwenye injini. Haikuwaka hata."

"Haikuwaka."

"Haikuwaka."

Arlys aliteremsha macho kwenye miguu ya Delmar, akayaacha huko. Kisigino cha kiatu cha kushoto kilikuwa kimechubuka hadi ukingo, na mpira mweusi umeganda juu ya ngozi.

"Orrin alikuwa na kiatu kama hicho," alisema. "Bernadine alinionyesha."

Delmar akasema atatafuta nyingine, ziko nyingi, hata mtandaoni.

"Delmar. Sikuwa nakudai pikipiki."

Akashusha zipu. Koti hakulitundika kwenye ndoano ya mlangoni, mahali lilipokaa miaka yote. Alishuka nalo chini, kwenye kabati la mapambo ya Krismasi, na Delmar akasikia mlango wa kabati ukisukumwa mara mbili, maana huwa haufungi kwa mara ya kwanza. Usiku walikula viazi. Arlys alimwomba chumvi.

Jumamosi Delmar alikwenda kwa Doreen na gari, akaliegesha nyuma kwenye mapipa. Hakuna aliyemwuliza kitu. Wiki iliyofuata, wakati Lyle anasimulia habari za mkwe wake, kitu cha rangi ya damu ya mzee kikaja barabarani polepole. Nyuma ilining'inia sahani mpya ya namba ya Iowa, imefungwa kwa waya tu. Dereva aliona nafasi mbele, chini ya dirisha, na kwa kuwa hakuna kibao kinachosema chochote, akarudi kinyumenyume akajipanga katikati ya pikipiki mbili. Miguu hakuishusha.

Vichwa vyote vikageukia dirishani. Kisha mmoja akamgeukia Delmar, akingoja utani wake.

Delmar alikuwa anamtazama mwanamke aliyekaa kwenye kile kiti kipana cha nyuma. Injini ilikuwa imezimwa, nao walikuwa hawajavua helmeti. Kupitia kioo cha helmeti midomo ya yule mwanamke ilikuwa inakwenda, inakwenda, kisha akacheka, na mume wake akatikisa kichwa na kumjibu.