Malapa ya Kijani Mlangoni pa Jikoni

Saa nne asubuhi, Mtito Andei. Kanini Mbithi amewaketisha wenye hoteli sita kwenye meza ya nyuma, chai mbele yao, na anawauliza swali lake la kila siku: "Mwanamume akija kuulizia bibi yake aliyetoroka kupigwa, mtamjibu nini?"

"Kwanza tutamkaribisha chai," anajibu Jonah, mwenye hoteli hii na mzee wa kanisa. "Mgeni ni mgeni."

Wenzake wanacheka. Kanini hacheki.

"Hiyo chai, Mzee, inampatia muda wa kuangalia jikoni."

Kanini, miaka arobaini na tatu, alikuwa mpishi Migwani. Mwajiri wake alimwonyesha mume wa Kanini chumba alimojificha, akidhani anawapatanisha. Mumewe alimvunja mkono, na hadi leo haunyooki vizuri.

Sasa anawafunza waajiri: wote wanaouliza wapewe jibu moja, zamu zibadilishwe, na mwanamke asipelekwe kwa mchungaji bila kutaka. Kati ya hoteli ishirini alizobishia hodi mwaka huu, saba tu zilimpokea. "Wengine wananiambia navunja nyumba za watu," anasema.

Chai haijapoa, mwanamume mwenye koti la kijivu anaingia. Anasalimu kwa adabu kabisa.

"Mzee, natafuta bibi yangu, Nthenya. Nimeambiwa ako hapa."

Nthenya, jina tulilompa hapa kuficha lake halisi, yuko jikoni anakata sukuma. Alifika hapa mwezi uliopita, jicho likiwa limevimba. Jonah anaweka kikombe chake chini.

"Hatusemangi nani anafanya kazi hapa," anasema hatimaye. "Kwa mtu yeyote."

Kanini anashusha pumzi. Lakini yule mtu hamtazami Jonah tena. Anatazama mlango wa jikoni, ambapo wapishi huvua malapa yao na kuvaa gambuti kabla ya kuingia. Jozi moja ni ya kijani, kamba yake imeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Huo uzi nilishona mimi," anasema polepole, kisha anatoka.

Mwandishi huyu, aliyekuja na kalamu tu, anafunga daftari.

Nthenya anatolewa kwa nyuma, bado na gambuti zake. "Mwaitu, atangoja," anamwambia Kanini, kama mtoto kwa mama yake. "Anajuanga kungoja."

"Najua," anajibu Kanini. Hamdanganyi.

Polisi waliitwa, wakamkosa yule mtu. Alikopelekwa Nthenya hatuandiki, nasi tumefunzwa.

Alasiri, Jonah ameshaingiza viatu vyote ndani. Malapa ya kijani tu yamebaki pale mlangoni, hakuna anayetaka kuyagusa.

"Miaka hii yote nimefunza watu kunyamaza," anasema Kanini. "Viatu sikuwahi kufikiria. Wiki ijayo niko mji wa Salama, na nitaanzia mlangoni."

Halafu anauliza duka la viatu hufungwa saa ngapi. Anataka kumnunulia Nthenya jozi ambayo mtu huyo hajawahi kuiona.