GPS Niliyoifunga kwa Mikono Yangu

Jamani, niko katikati ya hifadhi ya Mikumi, pikipiki imezimika, na tembo wananiangalia.

Asubuhi nilifunga GPS mpya kwenye hii pikipiki ya baba mkwe. Ya zamani ilikufa. Mzee alitaka inayozima injini kwa simu, wezi wakome. Nyaya nikazificha chini ya tangi, nikazikaza haswa.

Sasa hivi mzee, yuko Kilosa, katuma meseji: "Najaribu kuizima."

Ikazima kweli!

Nampigia, hapatikani. Leo Ijumaa, kaingia msikitini. Spana nimeziacha nyumbani. Tembo wanasogea. Mnacheka, eti?

Hatimaye kapokea. Nilishapanga maneno makali, lakini nikajikuta nimeinama peke yangu barabarani: "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona GPS inaonyesha umesimama?"